Miji 9 kwa usiku 15: mwanangu katupangia Ulaya, goti la baba yake halitaiweza

Habari za kazi, mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 59, nipo Morogoro, nina duka la vitenge. Mume wangu ana miaka 67, alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Mungu ametupa watoto wawili. Mkubwa yuko Dar na mambo yake yamemnyookea. Wa pili ni binti, ni muuguzi huko Munich, Ujerumani, na tangu aondoke tunaonana kwenye simu tu.

Mwakani tunatimiza miaka 40 ya ndoa. Kijana amesema zawadi yake ni kutupeleka Ulaya, mimi na baba yake, gharama zote juu yake. Siku aliyotuambia nililia. Wiki iliyopita akanitumia ratiba kwa WhatsApp. Ni mwezi wa nane, usiku 15: Amsterdam mbili, Brussels mmoja, London mbili, Paris mbili, Barcelona mbili, Roma mbili, Venice mmoja, Vienna mmoja, halafu mbili za mwisho Munich kwa dada yake. Kila kitu kimeandikwa, kuanzia saa ya kuamka mpaka saa ya kula. Anasema nauli ya ndege ikishalipwa lazima tuione Ulaya yote, maana hatujui kama tutarudi tena.

Shida ni goti la mzee. Daktari alisema gegedu limesagika. Asubuhi anatembea vizuri, ikifika mchana anachechemea, na ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Nikimwonyesha ratiba anasema tutavumilia, mtoto amejitolea. Binti naye amepiga simu analalamika: miaka yote hii, mnakuja kwangu siku mbili, tena mkiwa mmeshachoka? Na kijana ameshaanza kuulizia viza. Anasema tuombe ubalozi wa Ujerumani kwa kuwa dada yake yuko huko.

Nikisema ratiba hatuiwezi nitaonekana sina shukrani. Nikinyamaza, naogopa mzee ataanguka kwenye ngazi za watu. Au nimwache nyumbani niende peke yangu?

Mama wa vitenge, Morogoro

*

Mama, shikamoo. Hongereni kwa miaka 40, na hongera ya pekee kwa kumlea kijana mwenye moyo huo. Ratiba yake nimeisoma kwa makini. Imeandikwa na mtoto anayewapenda, ila ameipanga kwa kutazama ramani, na kwenye ramani Barcelona na Roma ziko jirani kabisa.

Tuichukue siku hiyo moja, ya kutoka Barcelona kwenda Roma. Hoteli inataka mtoke chumbani kabla ya saa 5 asubuhi. Mnafunga mabegi, mnayaburuta mpaka kituoni, mnapanda gari la kwenda uwanja wa ndege, na huko mnatakiwa kufika saa 2 kabla. Tiketi za bei nafuu za ndege za ndani ya Ulaya mara nyingi haziruhusu zaidi ya begi dogo la mkononi. Sanduku linalipiwa pembeni. Kutoka kwenye ukaguzi mpaka mlango wa ndege ni mwendo mrefu. Angani ni kama saa moja na nusu, karibu mbili. Mkishuka Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, bado mko kilomita 30 kutoka mjini, kwa hiyo mnapanda treni mpaka stesheni ya Termini, kisha mnaanza kutafuta hoteli kwa miguu kwenye barabara ya mawe. Mkiingia chumbani jua linakaribia kuzama, na goti limeshavimba. Kesho yake ndiyo siku yenu ya Roma, moja tu, kwa sababu keshokutwa mnafunga mabegi tena.

Ndiyo maana usiku mbili katika mji maana yake ni siku moja ya kuuona. Miji 9 ina kuhama mara 8. Ongeza siku ya kufika na siku ya kurudi: katika siku 16, siku 10 ziko njiani. Ushauri wangu, bila kuzunguka, ni kwamba punguzeni miji ibaki 3, na wa kwanza uwe ule anaokaa binti yenu.

Kabla ya hapo tuongee viza, maana ratiba hii inaweza kuwakwamisha hata kabla ya kupanda ndege. Nchi 29 za Ulaya zinatumia viza moja ya Schengen. Uingereza haimo. London ni maombi mengine kabisa, ada nyingine na alama za vidole nyingine, na muda wa kushughulikia maombi hayo pasipoti huenda ikawa haiko mikononi mwenu. Tena kijana ameiweka London katikati. Mkivuka kutoka Brussels kwenda London mmeshatoka Schengen, na kama viza mliyopewa ni ya kuingia mara moja, Paris hamwingii. London iachwe.

Kuhusu ubalozi, sheria yao ni hii: unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, au ile ambayo ndiyo kusudi kuu la safari. Muda ukilingana, unaomba kwa ile utakayoingilia. Sasa hesabu karatasi ya kijana. Ujerumani usiku 2, Italia usiku 3. Afisa wa Ujerumani akiiona atauliza kwa nini hamkwenda kwa Waitalia, na kujieleza kwamba tunakwenda kumwona binti yetu kutakuwa kugumu wakati binti mwenyewe amepewa siku za kufungia safari. Ratiba ninayowapendekezea inaweka sawa mambo yote mawili, muda na kusudi: Munich usiku 8, Bologna usiku 3, Roma usiku 4. Jumla ni zile zile 15, Ujerumani inaongoza, na mnayesema mnakwenda kumtembelea ndiye mtakayekaa naye kweli.

Karatasi zenyewe kijana azishughulikie mapema. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini msicheze na hizo siku za mwisho. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu yafike mpaka siku 45, na miadi ya kupeleka maombi inaweza kuchukua muda kupatikana. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bado malipo ya kituo kinachopokea maombi, kama kipo. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe hai kwa miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko, na ibaki na kurasa 2 tupu. Wewe weka leseni ya biashara na taarifa za benki za duka, mzee aweke taarifa ya pensheni. Hizo ndizo zinazoonyesha kuwa mna cha kurudia Morogoro. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili viwemo, maana mmoja ndiye mlipaji na mwingine ndiye mwenyeji. Binti aulizie ofisi ya wageni ya mji wake hati inayoitwa Verpflichtungserklärung, ambayo mwenyeji anajifunga kubeba gharama za wageni wake. Na tiketi za ndege zisilipiwe mpaka viza itoke. Wekeni nafasi tu.

Tiketi hiyo iwe ya kuingilia Munich na kutokea Roma. Kwenye tovuti za mashirika ya ndege kuna sehemu ya safari ya miji mingi, hapo ndipo inapotafutwa, na bei yake mara nyingi haipishani sana na ya kwenda na kurudi mji mmoja. Inawaokoa kurudi nyuma kuvuka milima yote ya Alps kwa ajili ya kufuata ndege. Chagueni inayopitia Doha, Dubai au Istanbul na kushuka moja kwa moja Munich. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuwasajili wageni kwa mashine mpakani badala ya kugonga mhuri, na foleni zinaweza kuwa ndefu. Heri mkutane nayo mkishafika Munich, bila ndege nyingine inayowasubiri.

Mwezi wa nane pia nauondoa. Roma inaungua, na katikati ya mwezi, tarehe 15, Waitalia wana sikukuu kubwa, wenye maduka na migahawa midogo wengi hufunga wakaenda zao baharini. Wewe una duka lako na mzee amestaafu, hamfungwi na likizo ya mtu. Nendeni kati ya nusu ya Mei na nusu ya Juni, au mwanzoni mwa Septemba. Kuanzia nusu ya pili ya Septemba Munich ina tamasha lake la bia, na mji hujaa kupita kiasi.

Munich msiifanye ziara. Ni nyumbani kwa mwanenu. Muuguzi ana zamu, kwa hiyo siku za zamu mtakaa, mtapika, mtamsubiri arudi, na hizo zihesabiwe kuwa siku za safari kama nyingine. Jumapili maduka Ujerumani yanafungwa. Siku hiyo jumba la picha la Alte Pinakothek huingiza watu kwa euro 1 na lina viti vya kukaa mbele ya michoro. Siku ambayo yuko huru awapeleke ziwa la Starnberg. Treni ya mjini ya S6 inafika huko chini ya saa moja, stesheni iko ukingoni mwa maji, na boti iko hatua chache tu. Mzee atakaa kwenye benchi la boti na milima itapita mbele yake. Siku nyingine mwende Salzburg kwa Bayern-Ticket, tiketi ya siku inayobeba hadi watu 5 kwenye treni za kawaida za jimbo. Siku za kazi inaanza kutumika saa 3 asubuhi, nanyi hamna haja ya kutoka mapema zaidi ya hapo. Salzburg ni Austria, viza yenu inafika, ila bebeni pasipoti, kwa sababu Wajerumani wana kawaida ya kukagua watu treni inaporudi.

Sasa treni ya kwenda Italia. Hapa mama nakuomba umpe mzee simu asome mwenyewe.

Mzee wangu, shikamoo. Kutoka Munich mpaka Bologna ipo treni ya moja kwa moja, kama saa 7, inapita Innsbruck na kuivuka Alps kwa njia ya Brenner. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1867, na kileleni hakuna handaki: treni inapita juu ya mlima penyewe, karibu mita 1,370 kutoka usawa wa bahari, ukitazama nje. Upande wa Austria waya una volti 15,000 za mkondo geu, upande wa Italia ni volti 3,000 za mkondo mnyoofu, kwa hiyo kichwa cha treni ama kibadilishwe pale Brenner ama kiwe cha kula umeme wa aina zote mbili. SGR yetu inayopita hapo Morogoro ni volti 25,000, utalinganisha mwenyewe. Chini ya mlima huohuo wanachimba handaki la kilomita 55. Baada ya Brenner unashuka na mto mpaka Bolzano, Trento, Verona, mashamba ya matufaha na zabibu pande zote. Mwanao hakuyapangia Alps hata siku moja. Wewe yapite mchana, kwenye kiti cha dirishani kilichowekewa nafasi. Njia hiyo hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, kwa hiyo kijana aangalie tarehe kabla ya kukata tiketi.

Mama, narudi kwako. Bologna nimeichagua kwa ajili ya goti. Katikati ya mji ni tambarare, na barabara zake zimefunikwa kwa veranda zenye nguzo, kilomita nyingi sana za veranda, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Mnatembea kivulini, mvua ikinyesha hamlowi, na kila baada ya hatua chache kuna mkahawa wa kukaa. Veranda moja tu muiache: ile inayopanda mlimani kwenda kanisa la San Luca, ina matao 666 na ngazi. Huko kuna kigari cha watalii. Stesheni ya Bologna ina saa iliyosimama kwenye saa 4 na dakika 25 asubuhi, saa ambayo bomu lililipuka hapo tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Najua mtu wa reli atataka kusimama mbele yake. Kama hamli nguruwe, jueni kuwa mortadella ni nguruwe na mchuzi wa nyama wa huko mara nyingi unachanganywa, ulizeni kwanza.

Na Venice? Ina madaraja zaidi ya 400, karibu yote ya ngazi, na kulala huko na masanduku na goti bovu ni mateso. Lakini kutoka Bologna ni kama saa moja na nusu kwa treni ya kasi. Mkitoka tu stesheni mnapanda boti ya umma namba 1, inapita mfereji mkuu wote mpaka San Marco, mmekaa, bila kupanda daraja hata moja. Mnakula, mnarudi na boti ileile. Tangu 2024 kuna siku za msimu ambazo wageni wa kushinda wanalipia kuingia mjini, kwa hiyo kijana aangalie tarehe. Asubuhi ya siku hiyo mzee akiamka vibaya, Venice ifutwe.

Bologna hadi Roma ni zaidi ya saa 2 kidogo. Treni za kasi za Bologna ziko chini sana ardhini, fikeni mapema mtumie lifti badala ya kukimbizana na ngazi za umeme. Roma mnakuwa na siku 3 kamili, na kila siku iwe na jambo moja la asubuhi: Colosseum siku moja (ina lifti, ila tiketi zinakatwa mapema kwa saa maalumu), Vatican siku nyingine, makumbusho yake Jumapili nyingi yanafungwa. Mchana mzee alale. Jioni mkae kwenye uwanja wenye chemchemi mtazame watu. Makanisa yanataka mabega na magoti yafunikwe, na kwa hilo wewe una duka zima.

Vyumba vya Bologna na Roma kijana aulize mambo matatu kabla ya kulipa: lifti ipo na inafanya kazi, shawa si ya kupanda ndani ya beseni, na kutoka stesheni ni umbali gani. Kuna kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku, hulipwa hapohapo hotelini.

Msaada wa goti upo kisheria, tena bure. Viwanja vya ndege vya Ulaya vinatakiwa kumsaidia abiria asiyeweza mwendo mrefu, kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti cha ndege. Shirika la ndege liambiwe angalau saa 48 kabla. Stesheni kubwa za Italia zina ofisi ya kazi hiyo inayoitwa Sala Blu. Mzee anaweza kuona aibu kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Mwambie kiti hicho ndicho kitakachomfikisha kwa binti yake akiwa na miguu ya kutembea naye.

Tumefika kwenye lile linalokuumiza, kumwambia kijana. Anza na mzee, nyumbani, nyinyi wawili. Aache neno la tutavumilia, kwa sababu watoto wanaliamini. Kisha mpigie kijana simu. Usimwandikie, maandishi yanasikika makavu. Mwambie hivi: "Baba, kazi uliyoifanya tumeiona, na baba yako anawasimulia wenzake kila siku. Tunataka zawadi hii tuifaidi. Goti lake linampa asubuhi nzuri moja kwa siku, basi tupangie asubuhi hizo. Tukae na dada yako, tupande treni ya milimani, tuione Roma, turudi wazima." Halafu mkabidhi kazi tena: yeye ndiye atafute vyumba vyenye lifti, yeye ndiye ahakikishe treni ya Brenner. Nauli za miji atakayoiacha zitalipia vyumba bora na viti vya kuwekewa nafasi. Mwombe ampigie dada yake waipange pamoja; hao wawili nadhani wanahitaji kuongea. Watakaowauliza mmefika nchi ngapi wapo, na kijana naye huenda anawawaza hao. Wasiingie kwenye ratiba.

Kumwacha mzee nyumbani sikushauri, hii ni ndoa yenu wote wawili. Ila mpeleke kwa daktari na kwa mtaalamu wa fiziotherapia mwezi huu, kabla ya maombi ya viza. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja hupunguza maumivu ya goti la aina hiyo, lakini yanahitaji miezi, hayafanyi kazi kwa wiki moja ya mwisho. Aanze kutembea kila asubuhi, polepole, kwa viatu vilevile atakavyosafiri navyo. Daktari awaandikie dawa zake kwa jina la dawa yenyewe, mzibebe kwenye begi la mkononi pamoja na cheti. Na akisema goti linahitaji upasuaji kwanza, safari isogezwe mpaka Septemba. Tiketi zitakuwa bado hazijalipiwa.